Mshika Mawili

Wahenga walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka. Neno hili limekaa katika vinywa vya watu muda mrefu hata likawa kama sheria, na kijana atakaye kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja huambiwa neno hilo kabla hajamaliza kueleza nia yake. Si kusudi langu kuwakosoa wahenga, maana aghalabu walisema waliyoyaona. Lakini wahenga hao hao walinena pia kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mithali ya kwanza yatuonya tusishike mawili. Ya pili yatuambia kwamba yako mawili ambayo yakitenganishwa, lililobaki halina utamu. Je, ewe msomaji, utaifuata mithali ipi? Swali hili si mchezo wa maneno. Humjia kila kijana amalizaye shule akaona mbele yake milango miwili, mlango wa kazi na mlango wa chuo kikuu, na moyo wake ukatamani kuingia yote miwili.

Ili tusizungumze hewani, natwaa mfano mmoja, nao ni wa kijana ajifunzaye uhandisi wa ujenzi. Mhandisi wa ujenzi ndiye afikiriye, apimaye na kusimamia barabara, madaraja, mabwawa, bandari, misingi ya majumba, na mabomba yaletayo maji safi na yaondoayo maji machafu. Kazi yake yagusa maisha ya watu ambao hatawajua kamwe. Mshonaji akikosea, nguo hurudishwa ikafumuliwa. Mhandisi akikosea, kosa laweza kulala ndani ya zege miaka mingi, likingoja siku ya gari zito au siku ya mafuriko. Kwa sababu hiyo njia ya kumfundisha mtu wa kazi hii si jambo lake peke yake, wala si jambo la wazazi wake tu. Ni jambo la umma.

Nchini Uingereza, tangu mwaka 2015, pana utaratibu wa uanagenzi unaofika hata kwenye shahada. Kijana huajiriwa na kampuni, hupewa mkataba na mshahara, na papo hapo huandikishwa katika chuo kikuu. Ada hailipi yeye; hulipwa na mwajiri na serikali. Mwaka 2017 iliwekwa kodi maalumu ya mafunzo, ambayo mwajiri mwenye kulipa mishahara ipitayo jumla ya paundi milioni 3 kwa mwaka hutozwa kwa kiwango cha nusu ya asilimia moja. Mara nyingi mwanagenzi hufanya kazi siku 4 za juma, na siku ya 5 huketi darasani. Vyuo vingine humwita kwa majuma kadha mfululizo, kisha humrudisha kazini. Mwanafunzi wa kawaida wa huko humaliza shahada yake ya uhandisi kwa miaka 3 au 4. Mwanagenzi huchukua miaka 5 au zaidi, lakini amalizapo ana cheti mkono mmoja na uzoefu mkono wa pili, wala hana deni la ada.

Jambo hili lina asili ya zamani. Thomas Telford alizaliwa mwaka 1757 huko Scotland, mwana wa mchunga kondoo aliyefariki mtoto akingali mchanga. Alipofika ujana alitiwa kwa mwashi ajifunze kuchonga mawe. Chuo kikuu hakukiona. Alichonga mawe mchana na kusoma usiku. Na alipokuwa akisimamia ujenzi katika gudi la Portsmouth alijisomea kemia, apate kuijua tabia ya chokaa aliyokuwa akiitumia kila siku. Mtu huyu ndiye aliyejenga daraja la kuning'inia la Menai huko Wales, lililofunguliwa mwaka 1826, ambalo umbali wake toka mnara mmoja hata wa pili ni mita 176 hivi, na merikebu zilipita chini yake. Mwaka 1820 alifanywa rais wa kwanza wa Chama cha Wahandisi wa Ujenzi, ambacho vijana wachache walikuwa wamekianzisha mwaka 1818 katika mkahawa mmoja wa London. Vijana hao walikuwa na kazi lakini walikosa shule ya kazi yao, basi wakaazimia kufundishana. Tazama jinsi mambo yalivyopinduka: wale walikuwa na kazi wakatafuta elimu, siku hizi wengi wana elimu, nao hutafuta kazi. Katika hali zote mbili kilichopungua ni nusu moja ya kitu kizima.

Sasa na tutazame upande wa taabu, maana asifuye asali bila kutaja nyuki hamtendei haki msikilizaji. Mwanagenzi huamka mapema, kwa kuwa kazi ya ujenzi huanza asubuhi, na katika majira ya baridi ya huko huanza gizani. Mchana hupita akishika fimbo ya kupimia, akiandika vimo vya ardhi, akihesabu nondo kabla hazijafunikwa, akisimama katika tope na upepo. Jioni hurudi chumbani miguu ikimwuma, na mezani humngoja mahesabu ya mihimili, ya nguvu za udongo na ya mwendo wa maji katika mifereji. Wenzake walio chuoni siku zote husoma mchana na kupumzika jioni. Wenzake wa kazini wasiosoma hufanya kazi mchana na kupumzika jioni. Yeye peke yake jioni yake si yake. Tena taabu hii si ya juma moja. Mwaka wa kwanza hubebwa na ari, na mwaka wa mwisho huvutwa na cheti. Miaka ya katikati ndiyo mizito, kwa kuwa ari imekwisha zoeleka na cheti bado hakijaonekana. Hapo ndipo wengi hujiuliza kama wahenga hawakusema kweli.

Wako watu wa akili wasemao kwamba heri kufanya moja kwanza na la pili baadaye. Kijana na asome kwa utulivu, kisha ndipo ashike kazi. Shauri hili si la kudharauliwa. Hapa Kenya ndivyo tufanyavyo kwa desturi: shahada ya uhandisi huchukua miaka 5, na Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 yataka mwenye shahada afanye kazi kwa muda usiopungua miaka 3 kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Utaratibu huo una faida yake. Akili changa hupata nafasi ya kuzama katika hisabati bila kuvutwa na kengele ya kazini. Walakini, ukiutazama sana utaona kwamba sheria yenyewe imekiri kuwa shahada peke yake haitoshi. Imetenga elimu na kazi kwa wakati, lakini haikuthubutu kumwita mtu mhandisi kamili kabla mawili hayo hayajakutana ndani yake. Basi shindano letu si juu ya kushika moja au mawili. Ni juu ya kuyashika pamoja au kwa zamu.

Mimi nasema kwamba mithali ya mshika mawili ni ya kweli pale mambo mawili yanapokwenda njia mbili, kama yule fisi aliyetaka kupita njia zote mbili ziendako nyama, akapasuka. Bali yako mawili ambayo ni kama mipini ya mkokoteni. Mwenye kusukuma mkokoteni kwa mpini mmoja, hata awe na nguvu namna gani, atazunguka mahali pamoja. Kinachompasa kuuliza kijana ni hiki: je, mawili haya nitakayo kuyashika yana mzigo mmoja? Akifanya kazi ya duka huku akisomea ujenzi, kazi yampa fedha lakini haimpi elimu ya ujenzi; hapo ana mizigo miwili, na huenda ikambidi kuibeba kwa sababu ya umaskini, nasi tumwonee huruma na kumheshimu. Lakini akifanya kazi ya ujenzi huku akisomea ujenzi, kila upande huufundisha wa pili.

Mathalani, utazame mchanganyiko wa zege. Siku ya jua kali wafanyakazi hupenda kuliongeza maji, maana zege jepesi humwagika kwa urahisi na mikono haichoki. Mwanagenzi aliyekuwapo Jumatatu huona kwa macho yake jinsi jambo hilo lilivyo rahisi na la kushawishi. Ijumaa darasani huambiwa kwamba maji yazidiyo haja ya saruji hutoka baadaye yakaacha vinyweleo ndani, na vinyweleo hupunguza nguvu. Aliyesoma kitabu tu hujua kanuni, lakini hajui uchovu uwafanyao watu waivunje. Aliyefanya kazi tu huujua uchovu, lakini hajui gharama yake. Mwenye yote mawili ndiye awezaye kusimama mbele ya mafundi wenye umri wa baba yake na kusema kwa adabu, bila kiburi na bila hofu, kwamba maji yasiongezwe, akaeleza sababu, akatafuta pia njia ya kuipunguza taabu yao. Sisi walimu twalijua jambo hili. Chuoni twafundishwa kuandaa somo. Kisha twapelekwa mbele ya watoto, na huko ndiko tunakogundua kwamba somo lililokaa vizuri karatasini laweza kuvunjwa na swali moja la mtoto aketiye nyuma.

Maarifa yakitengana na mahali pa kazi, madhara yake huweza kuwa makubwa. Mwaka 1907 daraja la chuma lilikuwa likijengwa juu ya mto St. Lawrence karibu na mji wa Quebec, nchini Kanada. Mhandisi mkuu mshauri, Theodore Cooper, alikuwa mtu wa elimu na sifa, lakini alikuwa mzee mwenye afya dhaifu, akaitawala kazi kutoka New York, mamia ya maili mbali. Urefu wa sehemu ya kati ulikuwa umeongezwa toka futi 1,600 hata futi 1,800, bali uzito wa daraja haukuhesabiwa upya kama ilivyopasa. Waliokuwa darajani waliona mabamba ya chuma yakianza kupinda. Walibishana juu ya maana yake. Wengine walidhani yalikuja yamepinda toka kiwandani. Mhandisi kijana aliyekuwapo alisafiri mpaka New York kumweleza mkuu wake, na tarehe 29 Agosti Cooper alituma simu kwa kampuni iliyojenga kwamba mzigo usiongezwe. Neno halikufika darajani kwa wakati. Jioni ile ile, karibu na mwisho wa kazi, chuma chote kilianguka mtoni, na watu 75 kati ya 86 waliokuwa juu yake wakafa. Aliyekuwa na maarifa hakuwa na macho mahali pale. Na waliokuwa na macho hawakuwa na maarifa wala amri ya kutosha kusema: simameni. Nafikiri kila mwanagenzi alalamikaye juu ya jioni zake zilizopotea yampasa kuijua habari hii. Jioni hizo ndizo zinazojenga mtu mmoja mwenye macho na maarifa pamoja.

Tukiisha kukubali kwamba mawili hayo yafaa kushikwa, lasalia swali la tabia: yashikwe vipi kwa haki? Mwanagenzi ana wadai wengi. Mwajiri humdai saa alizomlipa. Chuo humdai kazi iliyofanywa kwa akili yake mwenyewe. Mwili wake humdai usingizi, na jamaa zake humdai uso wake mara kwa mara. Mdai mkubwa kuliko wote hana barua wala risiti: ni mpita njia, yule mama atakayevuka daraja na mtoto mgongoni miaka 40 ijayo. Afanyaye mazoezi ya chuo kwa siri katika saa za mwajiri huiba, hata kama aibacho ni elimu. Anakiliye majibu ya mwenzake kwa kuwa alichoka hudhani amemdanganya mwalimu, kumbe amemdanganya yule mama. Uchovu ni udhuru wa kuomba muda. Si udhuru wa kusema uongo.

Tuseme ni Alhamisi alasiri, na kesho mwanagenzi ana mtihani. Zege la msingi lilikuwa limwagwe saa nane, likachelewa. Sasa ni saa kumi na moja na malori ndiyo kwanza yanaingia. Kazi yake ni kupima zege la kila lori: kulijaza katika koni ya chuma, kuiinua koni, na kutazama zege limeshuka kiasi gani, tena kujaza vyombo vya mchemraba ili vipande hivyo vivunjwe mashineni baadaye na nguvu zake zijulikane. Mkuu wake amekwisha ondoka. Mwenzake amwambia, "Andika tu namba kama za jana. Zege ni lile lile, nawe una mtihani." Afanye nini?

Wengine watasema mtihani ni mkubwa, maana maisha yake yote yautegemea. Nami najibu kwamba mambo hayapimwi kwa ukubwa tu, hupimwa pia kwa kurekebishika. Mtihani ulioanguka hufanywa tena, japo kwa aibu na gharama. Zege lililomwagwa halichoteki. Likiwa baya, ama livunjwe kwa nyundo ama lifichwe. Pale jambo liwezalo kurudiwa linapogongana na lisiloweza kurudiwa, la kwanza na limpishe la pili. Lakini sisemi ajitoe mhanga kimya kimya kama kondoo. Na ampigie simu mkuu wake, aseme wazi: malori yamechelewa, kesho nina mtihani, na zege halitapimwa na mtu asiyelitazama, nitumie mtu wa kunipokea, au nitabaki. Kusema hivyo kwahitaji ujasiri kuliko kubaki, na kuliko kuondoka. Vijana wengi hushindwa na mzigo si kwa sababu ni mzito, bali kwa sababu waliona haya kusema kwamba ni mzito mpaka walipoanguka nao.

Na haki haimlazimu kijana peke yake. Mwajiri aliyeahidi siku ya chuo, kisha akaila siku hiyo kila kazi inapozidi, avunja ahadi sawasawa na mfanyakazi aibaye saa. Amepata mikono ya kijana kwa bei ya mwanafunzi na kwa kazi ya mtu mzima. Chuo nacho, kinachompangia mwanagenzi mazoezi kana kwamba hana kazi nyingine duniani, hakimfundishi bidii, kinamfundisha kulipua. Jamii itakayo wahandisi wema sharti ilipe gharama ya kuwalea, na gharama moja ni muda. Si uungwana kuwasifu vijana kwa uvumilivu ili tupate kisingizio cha kuwachosha.

Juu ya pumziko, zege lenyewe latufundisha. Zege hushika kwa saa chache, na kesho yake mtu aweza kulikanyaga akadhani limekamilika. Lakini saruji haikauki tu kama udongo. Huungana na maji, na muungano huo wataka siku nyingi. Kwa desturi nguvu za zege hupimwa siku ya 7, kisha siku ya 28. Katika siku zile za mwanzo hufunikwa na kuloweshwa, maana likikauka upesi hupasuka na kuwa dhaifu. Akili ya mtu ni hivyo hivyo. Lililosomwa jana usiku laonekana gumu kama jiwe, bali halijashika. Kwa hiyo asomaye saa moja kila siku, kisha akalala, humshinda asomaye saa kumi Jumapili moja kwa mwezi. Na alalaye saa chache mno si shujaa, ni hatari kwake na kwa wenzake walio juu ya jukwaa moja naye. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye ufa hakijai.

Ewe kijana usomaye maneno haya, huenda usiwe mhandisi kamwe. Huenda ukawa muuguzi ajifunzaye wodini, fundi wa umeme, mkulima asomaye kwa taa, au mwalimu kama mimi. Kabla hujashika mawili, jiulize kama yana mzigo mmoja. Kama hayana, chagua, na wahenga watakuwa upande wako. Kama yanao, yashike kwa mikono yote, uwaambie ukweli wote wanaokudai, ulale usiku, wala usiandike namba usiyoiona. Mtu huyo akichelewa mwaka mmoja au miwili nyuma ya wenzake, hana hasara. Daraja haliulizi aliyelijenga alimaliza chuo mwaka gani. Watu huvuka tu, asubuhi na jioni, na hakuna hata mmoja anayewaza kwamba litaanguka.